Jua la Juu ya Paa na Haki za Waliomo Ndani



Siku chache zilizopita, baada ya darsa ya akina mama huko Likoni, bibi mmoja alituvuta kando akatuuliza swali ambalo mwanzo tulilidhania kuwa jepesi. Mwanawe anafanya kazi Doha, na amejitolea kumwekea mamake paneli za sola juu ya nyumba yao ya Mtongwe. "Aniambia jua litatuwashia nyumba mchana, na litakalozidi tutawapa watu wa stima, nao watatulipa," akasema bibi. "Basi wanangu, ni kweli hayo, au ni maneno ya kunifurahisha tu?"

Kabla hatujamjibu, binti yake aliyekuwa amemshikia mkoba akasema kwa sauti ya chini, "Na mita yenyewe, mama, hata leo ina jina la marehemu baba." Bibi akanyamaza. Nasi tukatambua kwamba tumeulizwa maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni la umeme. La pili ni la haki, na hilo la pili ndilo zito zaidi.

Safu ya juma hili twaitumia kuyajibu yote mawili, kwani twajua kuwa nyumba ya bibi huyu haiko peke yake. Mtongwe na Shelly Beach upande wa Likoni, Mtopanga na Mishomoroni upande wa Kisauni, Magongo na Chaani upande wa Changamwe, kote huko zipo familia zinazoyatazama mapaa yao na kupiga hesabu. Yafaa hesabu hiyo ipigwe ikiwa kamili, isije ikaleta furaha ya mwezi mmoja na ugomvi wa miaka.

Sheria yasemaje

Maneno ya kijana wa Doha yana ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, katika kifungu chake cha 162, yamruhusu mtumiaji wa umeme mwenye mtambo wake wa nishati mbadala usiozidi megawati 1 kuomba mkataba na kampuni inayosambaza umeme. Kwa mkataba huo, umeme unaozidi nyumbani kwake waingia katika nyaya za wote, naye ahesabiwa kwa kile alichokitoa. Kanuni za kuutekeleza utaratibu huo zilitoka mwaka 2024, miaka 5 baada ya sheria yenyewe. Msimamizi wa mambo haya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, ambayo wengi wetu twaijua kwa herufi zake, EPRA. Na kampuni ambayo mtu wa Mombasa atafanya nayo mkataba ni Kenya Power.

Yapo mambo matatu katika kanuni hizo ambayo kila mama wa nyumba yampasa ayajue kabla ya kukubali fundi apande juu ya paa.

La kwanza, hesabu si moja kwa moja. Ukitoa yuniti 2 za umeme wako wa jua, wahesabiwa yuniti 1. Hiyo ndiyo nusu iliyowekwa na kanuni. Hicho unachohesabiwa tutakiita salio, kwa kuwa chafanana na salio la simu: ni haki ya kutumia, si sarafu ya mkononi.

La pili, salio hilo halilipwi kwa fedha. Lapunguza tu yuniti utakazodaiwa. Kwa hivyo yule anayedhani kuwa paneli zitamletea pesa kila mwisho wa mwezi, kama kodi ya chumba, hesabu yake si sahihi. Hakuna pesa itakayotumwa. Kitakachopungua ni deni.

La tatu, salio lina mwisho wake. Laweza kuvushwa kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, lakini mwaka wa fedha ukifungwa, lililobaki lafutwa na hesabu yaanza upya. Wenye kununua bando la intaneti wayajua machungu hayo: kilichobaki saa ikifika, hakidaiwi.

Haya si mageni duniani. Jimbo la California huko Marekani, ambalo kwa miaka mingi lilimhesabia mwenye paneli karibu bei nzima, liliipunguza sana hesabu hiyo kwa wateja wapya kuanzia Aprili 2023. Uingereza nayo ilifunga mpango wake wa awali wa malipo kwa wenye paneli mwezi wa Machi 2019, na mwaka uliofuata ikaanzisha mwingine ambao kila kampuni hujiwekea bei yake. Kila mahali mapaa yanapoongezeka, swali la bei ya haki hurudi mezani.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue nyumba ya mfano, yenye baba, mama, watoto na nyanya yao, inayotumia yuniti 7 kwa siku. Yuniti 3 zatumika mchana, na 4 zatumika kuanzia Magharibi hadi Alfajiri. Kwa mwezi wa siku 30, nyumba hiyo hununua yuniti 210.

Sasa iwekewe paneli za kilowati 2. Kwa jua letu la Pwani, tukadirie kuwa kilowati 1 hutoa yuniti 4 kwa siku, mvua na mawingu yakichanganywa na jua kali. Basi paneli hizo zatoa yuniti 8. Nyumba yatumia 3 palepale, na 5 zaenda kwenye nyaya. Kama hakuna mkataba wowote, zile 5 zapotea bure, na nyumba yaendelea kununua yuniti zote 4 za usiku, yaani 120 kwa mwezi. Pakiwa na mkataba, zile 5 zawa salio la yuniti 2 na nusu. Usiku watumia 4, watoa salio la 2 na nusu, yabaki 1 na nusu ya kununua. Kwa mwezi ni yuniti 45.

Kutoka 210 hadi 45 ni nafuu kubwa, alhamdulillah. Lakini tazameni kitu kimoja zaidi. Mama wa nyumba hiyo akiweza kuhamisha kazi za yuniti 1 na nusu kutoka usiku hadi mchana, matumizi ya mchana yawa 4 na nusu na ya usiku 2 na nusu. Zinazokwenda kwenye nyaya ni 3 na nusu, salio ni yuniti 1 na robo tatu, na ya kununua ni robo tatu tu ya yuniti kwa siku. Kwa mwezi zawa yuniti 22 na nusu. Nusu ya ununuzi uliobaki imeondoka bila kuongeza paneli hata moja.

Hekima yake ni nyepesi. Yuniti ya jua unayoitumia jua likiwaka ina thamani kamili. Yuniti hiyohiyo ukiitoa nje kisha ukairudisha usiku, imekwisha pungua nusu njiani. Salio basi si faida ya kukimbiliwa; ni njia ya kuokoa makombo yasimwagwe.

Kwa sababu hiyo pia, msishawishiwe na anayewaambia muweke paneli nyingi ili mpate zaidi. Nyumba yetu ya mfano ikiweka kilowati 4 badala ya 2, itatoa yuniti 16 kwa siku, itumie 3, na 13 ziende nje. Salio ni 6 na nusu, ilhali haja ya usiku ni 4. Kila siku yuniti 2 na nusu zabaki juu, na kwa mwaka zakaribia 900. Kwa kuwa hazilipwi na mwisho wa mwaka wa fedha zafutwa, aliyenunua zile paneli za ziada amenunua kitu cha kumpa mwingine bure, tena bila kunuia sadaka.

Na wale ambao matumizi yao ni madogo wasifanye haraka. Bei za msingi zilizotangazwa kuanzia Aprili 2023 zilikuwa shilingi 12.22 kwa yuniti kwa nyumba zisizozidi yuniti 30 kwa mwezi, 16.30 kwa zile za kati ya 30 na 100, na 20.97 kwa zinazozidi 100, kabla ya tozo ya mafuta, ushuru na ada nyingine kuongezwa. Bei hubadilika, lakini mpango wenyewe wafundisha jambo: mjane anayewasha taa tatu na kuchaji simu, anayenunua yuniti kwa bei ya chini kabisa, hana kikubwa cha kuokoa kwa paneli za gharama. Nyumba yenye friji, friza, pasi na mashine ya kuvutia maji ndiyo yenye hesabu ya kupiga.

Kazi za mchana

Hapa ndipo akina mama mnaposhika usukani, kwani saa za kazi za nyumbani ziko mikononi mwenu kuliko mikononi mwa fundi. Pasi ya sare za shule, ambayo nyumba nyingi huiwasha usiku, yaweza kupigwa baada ya Adhuhuri. Maji ya kisimani yavutwe saa nne asubuhi, tangi lijae, usiku mashine ilale. Anayeuza barafu za ubuyu na za ukwaju kwa watoto wa mtaa aigandishe jioni yake mapema: vikopo viingie kwenye friza asubuhi, si baada ya Isha. Anayeshona kwa cherehani ya umeme ameshabarikiwa, kwani kazi yake ni ya mchana tangu hapo.

Msimu nao una fungu lake. Miezi ya kaskazi, jua likiwa kali na mbingu ikiwa nyeupe, paneli hutoa kwa wingi, lakini mapanka nayo huzunguka usiku kucha. Masika yakiingia, mawingu hupunguza umeme wa jua, na salio lililovushwa ndipo linapofaa. Mwaka wa fedha wa serikali na wa kampuni hiyo hufungwa tarehe 30 Juni, masika yakiwa yametoka karibuni. Aliyejiwekea salio yafaa alitumie kabla ya siku hiyo.

Jambo jingine ambalo wauzaji wengine hawalitaji: mfumo wa sola uliounganishwa na nyaya za stima bila betri hujizima wenyewe stima inapokatika. Wengi wadhani kuwa wakiwa na paneli, giza kama lile la tarehe 25 Agosti 2023 lililofunika karibu nchi nzima halitawagusa. Litawagusa, hata likitokea saa sita mchana. Kujizima huko kumewekwa kwa ajili ya uhai wa watu, kwani fundi aliyepanda nguzoni akiamini kuwa nyaya zimekufa aweza kuuawa na umeme unaotoka juu ya paa lako. Anayetaka taa wakati wa giza anahitaji betri na inveta inayoweza kuitenga nyumba na nyaya za nje, na gharama yake ni nyingine.

Kwa sababu hiyohiyo, mtu asiunganishe paneli na nyaya za stima kwa siri. Mbali na hatari, mita nyingi za kawaida hazikutengenezwa kupima umeme unaorudi. Nyingine huuhesabu umeme uliotoa kana kwamba umeununua, na tokeni zako zikapungua jua likiwa kali. Mkataba huja na mita inayopima kuingia na kutoka. Na fundi awe mwenye leseni ya EPRA kwa kazi za mifumo iliyounganishwa na gridi, ambayo hujulikana kama T3. Mwombeni awaonyeshe. Kumwomba fundi leseni si kumvunjia heshima.

Jina lililo kwenye mita

Sasa twarudi kwa yale maneno ya binti. Mita ina jina la marehemu baba. Kwa miaka kadhaa hilo halikumsumbua mtu, maana tokeni huingia tu kwa kubonyeza tarakimu, na mita haiulizi aliyebonyeza ni nani. Lakini kifungu cha sheria chamtaja mtumiaji anayemiliki mtambo, kuwa ndiye anayeomba mkataba. Marehemu hawezi kutia saini.

Basi ni nani atakayetia? Hapo ndipo mambo ya umeme yanapogeuka kuwa mambo ya mirathi. Nyumba ya baba, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia wake kutekelezwa, ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Mjane ana thumuni yake ikiwa marehemu ameacha watoto, na watoto wa kike na wa kiume wana mafungu yao yanayojulikana. Nyumba nyingi za kwetu hazijagawanywa wala kuandikwa, kwa kuwa watu waliishi kwa mapenzi na kuaminiana. Mapenzi ni mema. Lakini mtu akija na jambo jipya lenye thamani, akalifunga kwenye paa la watu wengi kwa jina la mtu mmoja, watoto wa leo wataelewana na wajukuu wa kesho watashtakiana.

Kijana wa Doha anataka kutenda wema, na Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini yampasa aseme wazi wema wake ni wa namna gani. Je, paneli hizo ni hiba kwa mamake? Kama ni hiba na mama akazipokea, basi ni mali ya mama, na siku mama atakapoondoka duniani zitaingia katika mirathi yake yeye, si ya baba. Je, ni hiba kwa warithi wote wa nyumba? Hiyo ni hali nyingine. Je, ni mkopo mwema, kwamba nyumba itamrudishia kidogo kidogo kutokana na stima inayookolewa? Au ni mali yake mwenyewe, amewaachia nduguze watumie tu, na akirudi ana haki ya kuzifungua? Njia zote nne zafaa. Isiyofaa ni kunyamaza, kila mmoja akaamini lake moyoni.

Twashauri hivi. Familia ikutane, hata kama mmoja yuko ng'ambo na atasikilizwa kwa simu. Wakubaliane, waandike karatasi moja, wawepo mashahidi. Ikiwa mirathi haijathibitishwa, waende Mahakama ya Kadhi, ambayo kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 chaipa mamlaka ya kuamua masuala ya mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Wakishapata hukumu inayowataja warithi, wabadilishe jina la akaunti ya stima kwa mmoja wao kwa ridhaa ya wengine, na karatasi iseme kwamba jina hilo ni la uwakilishi. Salio litasomeka kwa jina moja, lakini ni la nyumba nzima.

Kuna na jamaa zetu wanaoishi katika nyumba bila ardhi, desturi ya zamani ya hapa Mombasa ambapo kuta ni za mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine. Wao wana wasiwasi wa kuongeza chochote. Kwao twasema paneli hufunguliwa kwa spana na kuhamishwa, jambo ambalo ukuta hauwezi. Hata hivyo, mkataba wa umeme ni wa mahali palipo na mita, wala haufuati paneli zinapohamishwa. Yafaa walizingatie hilo kabla ya kutumia fedha nyingi.

Wapangaji wa uani

Bibi wa Mtongwe ana vyumba vinne nyuma ya nyumba, na wapangaji wake hulipa stima pamoja na kodi. Hali hii ni ya kawaida bara yote ya Mombasa: mita moja, milango mingi. Mwenye nyumba hununua tokeni, kisha kila chumba hutoa fungu lake.

Paneli zikiwekwa, ile hesabu ya zamani haiwezi kubaki kama ilivyo. Kama nyumba ilikuwa ikinunua yuniti 210 na sasa yanunua 45, si uadilifu kumdai mpangaji kana kwamba bado zanunuliwa 210. Ni kweli kwamba mwenye nyumba ndiye aliyetoa fedha za paneli, na ana haki ya kupata malipo kwa mtaji wake, hakuna anayemkatalia. Lakini aseme. Amwambie mpangaji, "Umeme huu sasa watoka kwenye jua langu, na bei yake kwako ni kadha wa kadha." Mpangaji akiridhika, ni biashara halali baina ya watu wawili. Akimficha na kumwambia kuwa stima imepanda, hilo latoka katika biashara laingia katika kupunja mizani, jambo ambalo hakuna Mwislamu asiyejua lilivyokaripiwa.

Na mpangaji naye ana wajibu wake. Akiambiwa kuwa mchana kuna umeme wa kutosha na usiku ni wa kununua, apige pasi yake mchana. Kuwasha jiko la umeme saa tatu usiku kwa kuwa "ni la jua" ni kumtwika mwenzake mzigo.

Tusemapo mizani, tuseme na la ununuzi wenyewe. Mikopo ya kununulia paneli ni mingi, na mingi ina riba. Asiye na fedha taslimu asidhani kwamba hana njia. Zipo benki za Kiislamu hapa nchini zenye utaratibu wa murabaha, ambapo benki huinunua bidhaa kisha ikamuuzia mteja kwa bei iliyotajwa tangu mwanzo, ikalipwa kwa awamu bila kuongezeka. Kipo na chama cha akina mama, ambacho kimejenga vyumba vingi na kusomesha watoto wengi, nacho chaweza kununua paneli kwa zamu.

Nusu nyingine ni ya nani?

Msomaji atauliza: kwa nini nusu? Yuniti yangu ikitoka Bombolulu saa saba mchana yaenda kwa jirani wa pili, naye auziwa kwa bei kamili. Iweje mimi nihesabiwe nusu?

Twaliona swali hili kuwa la haki, na jibu lake lina pande mbili. Upande mmoja, nguzo, nyaya na transfoma zagharimu, na usiku wote wazitegemea, mwenye paneli na asiye nazo. Mahitaji ya umeme nchini hupanda jioni, saa ambazo jua limekwisha tua, na hapo ndipo mitambo kama ile ya mafuta ya Kipevu, hapo Changamwe, huhitajika. Kama mwenye paneli angehesabiwa yuniti kwa yuniti na asichangie kitu, gharama ya nguzo ingebaki kwa jirani asiye na uwezo wa kununua paneli. Jirani huyo ana haki yake juu yetu. Kwa hivyo kukatwa kitu kwa ajili ya nyaya si dhuluma.

Upande wa pili, kukatwa nusu ni kukubwa, na sababu yake yafaa ielezwe kwa tarakimu kwa watu wanaokatwa. Na lile la kufuta salio mwisho wa mwaka ni gumu zaidi kulitetea. Umeme ule ulishapokelewa, ulishauzwa, ulishalipiwa na aliyeutumia. Kama haulipwi kwa fedha, ungalau uruhusiwe kuvuka mwaka, au mwenye nao aruhusiwe kuuelekeza kwenye msikiti, madrasa au zahanati ya mtaa. Katiba imeweka ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala. EPRA inapoita maoni kuhusu bei na kanuni, viti vya Mombasa visijazwe na wenye hoteli na viwanda peke yao. Mama anayegandisha barafu Kisauni ana tarakimu zake, naye aende akazisome.

Tulimwambia nini bibi

Tulimjibu bibi kwa ufupi kwamba mwanawe hakusema uongo, lakini nyumba haitalipwa. Itapunguziwa, tena nusu kwa kila itakachotoa. Paneli ziwe chache za kutosha mchana na kusaidia usiku. Fundi awe na leseni. Fedha ya kijana isitumwe kwa muuzaji kabla ya mkataba na kampuni kueleweka: ni nani atakayelipia mita, itachukua muda gani, na salio litasomekaje kwa mtumiaji wa tokeni. Majibu hayo yatolewe kwa maandishi. Na kabla ya hayo yote, lile jina kwenye mita.

Bibi alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama bintiye, akasema, "Basi wapigie nduguzo wote. Waambie Ijumaa baada ya Asri nawataka nyumbani, na yule wa Doha awe kwenye simu. Hili la sola litangoja. La baba yenu limengoja vya kutosha."

Twawaombea wao, na kila nyumba yenye jambo kama lao, mkutano wa kheri na maelewano. Wabillahi tawfiq.